Jinsi chumvi ya bahari inavyoharibu bunduki Pwani na namna ya kuzikinga

WAKAZI wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawahitaji mwalimu wa kemia kuwaeleza nguvu za chumvi. Msumari uliopigiliwa ukutani huanza kuwa mwekundu baada ya muda mfupi, na mabati ya nyumba iliyo karibu na ufuo hutoboka mapema kuliko ya nyumba iliyojengwa bara.

Adui huyo huyo huzishambulia pia bunduki. Hizi ni pamoja na zile za maafisa wa polisi wanaoshika doria ufuoni, za wanamaji ambao makao yao makuu yako Mtongwe, Likoni, na zile chache zinazomilikiwa na raia wenye leseni.

Tofauti ni kwamba kutu ya bati huleta mvua chumbani, ilhali kutu ya bunduki huweza kuleta kifo. Mtutu ulioliwa na kutu hudhoofika, na uchafu ukiuziba, waweza kupasuka mikononi mwa anayefyatua. Kifyatulio kilichokwama nacho hakitabiriki: hugoma kinapohitajika au hukosa kurudi mahali pake.

Ndiyo sababu viwanda vya silaha hugharimika kuvipa vyuma vyao ngozi ya kinga. Hata hivyo, si kila ngozi inayofaa penye upepo wa bahari, na hakuna hata moja inayojitosheleza bila ya utunzaji.

Chumvi hufyonza maji

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni. Chumvi huongeza balaa kwa njia mbili.

Kwanza, chumvi hufyonza unyevu kutoka hewani. Unyevunyevu wa hewa unapopita kiwango cha takriban asilimia 75, chembe ya chumvi iliyotua juu ya chuma huyeyuka na kuwa tone la maji ya chumvi. Mombasa, kiwango hicho hupitwa mara nyingi, hasa usiku na alfajiri. Kwa hivyo bunduki iliyowekwa kabatini, ambayo haijaguswa na mvua wala wimbi, huweza kulowa bila ya mwenyewe kujua.

Pili, kemikali iliyomo katika chumvi, iitwayo kloridi, hupenya katika mikwaruzo na kuchimba vishimo vidogo vinavyozidi kwenda chini. Juu huonekana doa dogo tu, kumbe ndani chuma kimeshaliwa.

Nyali na Bamburi, pamoja na ufuo wa Shelly huko Likoni, hupokea upepo wa kusi moja kwa moja kutoka baharini. Changamwe imejificha nyuma ya bandari ya Kilindini, lakini nayo imezungukwa na maji ya chumvi. Isitoshe, moshi wa viwanda na malori huwa na salfa ambayo, ikichanganyika na unyevu, hugeuka asidi inayokila chuma.

Ushahidi wa ukaidi wa chumvi ulipatikana ng'ambo ya pili ya maji, mbele ya Fort Jesus. Hapo ndipo ilipozama meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, mwaka wa 1697 ngome hiyo ilipokuwa imezingirwa. Wataalamu wa mambo ya kale walianza kuichimbua mwaka wa 1977.

Chuma kinachotolewa baharini baada ya muda mrefu kama huo hakiwezi kukaushwa tu na kupakwa rangi. Sharti kilowekwe kwa muda mrefu hadi chumvi iliyojificha ndani itoke, la sivyo hupasuka na kubomoka. Kupaka kinga juu ya chumvi ni kama kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Aina za kinga

Kinga ya zamani zaidi ni ule weusi wa kung'aa unaoonekana kwenye mitutu ya bunduki za marisau. Weusi huo si rangi, bali ni kutu ya aina nyingine. Badala ya kutu nyekundu inayovimba na kubanduka, chuma hulazimishwa kuota ngozi nyeusi inayoshikamana nacho.

Mafundi wa kale waliuacha mtutu uote kutu nyembamba kwa dawa ya asidi, wakauchemsha kwa maji hadi wekundu ukageuka weusi, wakausugua, kisha wakarudia kazi hiyo mara kadhaa. Viwandani siku hizi, chuma hutumbukizwa katika soda kali yenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi. Njia hii ya pili haifai kwa bunduki nyingi za mitutu miwili, kwa kuwa soda hiyo hula lehemu ya bati inayoshikanisha mitutu.

Uzuri wa ngozi hiyo ni mwingi kuliko nguvu zake. Unene wake ni takriban sehemu moja tu ya elfu ya milimita, na bila ya mafuta haiwezi kustahimili hewa ya Pwani.

Aina ya pili ni fosfeti, yenye rangi ya kijivu isiyong'aa. Ilienea katika bunduki za jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ngozi hii ina vitundu vidogo mno vinavyonyonya mafuta na kuyahifadhi, kama sifongo. Hapa pia kinga halisi ni mafuta. Fosfeti ni chombo cha kuyabeba.

Ya tatu ni kromi ngumu, ambayo hupakwa ndani ya mtutu, kama ilivyo katika bunduki za AK-47. Sababu yake ni kwamba risasi za aina ya zamani zilikuwa na kiwashio kilichoacha chumvi ndani ya mtutu kila zilipofyatuliwa. Chumvi hiyo haiyeyuki katika mafuta, hivyo askari walifunzwa kuosha mitutu yao kwa maji kabla ya kuipaka mafuta.

Ya nne ni nikeli. Kampuni ya Remington ya Marekani iliwahi kuunda bunduki ya marisau ya matumizi ya baharini, iliyopakwa nikeli nje na ndani.

Ya tano, na mpya zaidi, ni rangi yenye chembe za kauri, ambayo hupulizwa juu ya chuma kilichosafishwa kisha ikaokwa katika tanuri. Nguvu za kinga kama hizi hupimwa kwa kukiweka chuma ndani ya sanduku lenye ukungu wa maji yenye asilimia tano ya chumvi, kwa joto la nyuzi 35, na kuhesabu saa kabla ya kutu kuchomoza.

Baadhi ya bunduki huundwa kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho huwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Jina hilo lisimhadae mtu. Kloridi hukichimba vishimo chuma hicho pia, ila huchukua muda mrefu zaidi.

Funzo la mabati

Mtu aweza kuuliza ni kwa nini bunduki zisipakwe zinki kama mabati. Zinki hujitoa mhanga: bati likikwaruzwa, zinki iliyo kando huliwa kwanza na kukiokoa chuma. Kwa sababu hiyo meli nazo huvalishwa vipande vya zinki chini ya maji.

Lakini zinki ni laini na huchubuka upesi penye vyuma vinavyosuguana. Nikeli na kromi ni ngumu, ila hazijitoi mhanga. Zikikwaruzwa hadi chuma kikaonekana, chuma hicho ndicho huliwa, tena kwa kasi. Hivyo basi, mkwaruzo mmoja huweza kubatilisha kinga ya bei ghali.

Utunzaji na sheria

Baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, iliyorushiwa maji ya bahari inafaa kusafishwa kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe kabisa, kisha ipakwe mafuta membamba. Kupaka mafuta juu ya chumvi hakusaidii. Jasho la mikono nalo lina chumvi, kwa hivyo chuma kinafaa kufutwa kila kinaposhikwa.

Haifai kuihifadhi bunduki katika mfuko wa ngozi au kitambaa, kwani hufyonza unyevu. Ndani ya kabati la chuma, vile vifuko vya chembechembe za kukausha hewa vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya husaidia, mradi vibadilishwe mara kwa mara.

Hali kadhalika, kuna suala la nambari. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, iliyotiwa sahihi Aprili 2004, huyataka mataifa wanachama yatie silaha alama za utambulisho. Umuhimu wake unaeleweka vyema Likoni, ambako kituo cha polisi kilivamiwa na bunduki kuibwa Agosti 13, 1997. Nambari iliyoliwa na kutu, au iliyofutwa kwa msasa na fundi asiyejua, hukata njia ya kuifuatilia silaha iliyopotea.

Kwa sababu hiyo, mwenye leseni asiipeleke bunduki yake kwa fundi wa jua kali anayepaka rangi magari. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kukarabati silaha ni kazi ya wafanyabiashara waliosajiliwa. Kinga yoyote mpya huanza kwa kukwangua ya zamani, na hapo ndipo nambari hupotea na vishimo vya kutu hufichwa badala ya kukaguliwa.

Mmiliki akiona doa jekundu karibu na chemba ya risasi au ndani ya mtutu, inambidi aache kuitumia bunduki hiyo hadi ikaguliwe, hata kama nje bado inang'aa.