Gari la Mkubwa na Dereva Wake



Katika mkutano mmoja ndugu yetu aliuliza: "Gari la mkurugenzi latuhusu nini sisi?" Latuhusu mara mbili. Kwanza, hununuliwa kwa fedha iliyotokana na kazi yetu. Pili, anayeliendesha ni mfanyakazi mwenzetu. Basi yafaa tujue gari la namna hii huchaguliwa vipi, ili kamati yetu ikiulizwa isikae kimya.

Sisi wa Chula na Koyama tumezaliwa penye mashua. Mtu wa visiwani kabla ya kupanda chombo hutaka kujua mambo matatu: bahari ikoje, chombo ni kizima, na nahodha ni nani. Gari nalo ni vivyo hivyo.

1. NJIA. Mercedes-Benz ni gari zuri kwenye lami. Ndilo lililowapa wakubwa wa Afrika Mashariki jina la "Wabenzi". Lakini liko chini. Ukitoka Kismayo kwenda mashambani katika bonde la Juba wakati wa mvua, udongo hunasa gari kama nanga. Huko hutakiwa gari lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne, mfano wa Land Cruiser. Tena tazameni usukani. Somalia twapita kulia. Kenya na Tanzania wapita kushoto. Gari lenye usukani upande wa kulia, likiletwa kwetu, dereva haoni mbele vizuri anapotaka kulipita lori.

2. GHARAMA. Bei ya kununua ni mwanzo tu. Ongeza ushuru, mafuta, matairi na vipuri. Gari lililokingwa risasi huzidi uzito kwa zaidi ya tani moja, kwa hiyo hula mafuta na kumaliza breki upesi. Mkubwa asafiriye mara mbili kwa mwezi aweza kukodi gari na dereva kwa siku. Kenya, mwaka 2009, Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta alitoa amri kwamba injini za magari ya serikali zisizidi sisi 1800, na mawaziri wakaletewa Volkswagen Passat. Wengine walinung'unika, lakini hesabu ilikuwa wazi.

3. DEREVA. Hapa ndipo wakubwa wengi husahau. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, alifariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro. Mei 1986 gari la Rais Siad Barre liligonga basi karibu na Mogadishu katika mvua kubwa. Aliumia vibaya akapelekwa Saudia kutibiwa. Hao hawakukosa magari mazuri. Kiti cha ngozi hakizuii ajali.

Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba nambari 153 wa 1979, limeweka kipimo: dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku au 48 kwa juma, na apate saa 10 za mapumziko kila siku. Nchi chache tu zimeuridhia. Lakini hakuna anayetukataza kuziandika saa hizo katika mapatano yetu na mwajiri.

Namjua dereva mmoja aliyeamshwa saa kumi alfajiri, akaendesha mchana kutwa, kisha usiku akaamriwa arudi. Akaingia shimoni, tangi la oili likapasuka. Kampuni ikamkata mshahara. Tulipokwenda ofisini hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha saa alizofanya. Makato yalisimamishwa, lakini zilizokwisha kukatwa hazikurudi.

Kwa hiyo, ndugu, gari jipya likiletwa, kamati idai haya:

(a) Dereva aulizwe kabla gari halijanunuliwa. Yeye ndiye aijuaye njia.

(b) Kila safari iandikwe daftarini: saa ya kuondoka, saa ya kufika, na aliyetoa amri. Dereva aweke nakala yake.

(c) Amri itoke kwa mtu mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

(d) Dereva akisema amechoka, gari lisimame, na asikatwe mshahara kwa kusema hivyo.

Mkubwa na dereva wamo katika gari moja. Dereva akisinzia, wote wawili wataingia shimoni.