Kome wa Tampa Bay

Ukiajiri mchoraji huku na fundi kule, siku ukuta ukipasuka kila mmoja atamtupia mwenzake lawama. Ndiyo maana mamlaka nyingi za maji Marekani zimeuchangamkia mkataba wa kusanifu na kujenga: kampuni moja ichore, ijenge, na hoja zote ijibu yenyewe. Mwenye mradi hadai michoro, anadai matokeo: lita ngapi kwa siku, safi kiasi gani.

Shirika la Tampa Bay Water, huko Florida, lilitaka mtambo wa kuondoa chumvi utoe lita milioni 95 kwa siku kwa bei iliyosifiwa kwa unafuu, dola milioni 110 hivi. Uliwekwa ubavuni mwa kituo cha umeme cha Big Bend, uchote maji ya bahari yaliyokwisha kupoza mashine. Ujanja mzuri, kwani maji ya vuguvugu hupenya utando wa kuchujia kwa msukumo mdogo.

Ila vuguvugu huwafaa pia viumbe. Ghuba ile haina kina, imejaa vijidudu na tope laini, na mwaka 1999 walionekana humo kome wa kijani kutoka Asia. Vitoto vyao havionekani kwa jicho. Huingia bombani, hujishika, hukua. Utando hauvumilii uchafu hata kidogo, na uchujaji uliowekwa mbele yake ulikuwa dhaifu. Mtambo ulipowashwa 2003, machujio yaliziba mapema kuliko hesabu, nao ukashindwa mtihani wa kupokelewa.

Na yule wa kujibu hoja? Mjenzi wa kwanza, Stone & Webster, alifilisika 2000. Mrithi wake, tawi la Covanta, akafuata 2003. Nionavyo, mkataba wenyewe hauna kosa. Ila bei ikishafungwa kabla ya mtambo mdogo wa majaribio kuyaonja maji ya majira yote, kampuni inakuwa imeuza isichokijua.

Mwaka 2004 wakaitwa American Water-Pridesa kurekebisha. Pamoja na mengine, waliongeza machujio yanayopakwa unga wa diatomu, yaani magamba ya mwani wa kale, laini kama unga wa muhogo. Kufikia mwisho wa 2007 mtambo ulikuwa ukifanya kazi, gharama ikiwa dola milioni 158. Unga ukichafuka husuuzwa, ukapakwa mwingine.