Kunguni Kitandani: Valisha Godoro, Dawa ya Pamba Ibaki Shambani

Leo tunaingia chumbani kidogo, maana mkulima aliyekesha akijikuna haamki alfajiri kwenda kupalilia.

Msimu uliopita nilienda kukagua pamba ya kijana mmoja wilayani Serengeti. Nikakuta godoro limeanikwa nje, linanuka dawa ile ile ya funza wa vitumba. "Kunguni wamenishinda, afisa," akaniambia. Nikamwambia godoro hilo asililalie tena. Sponji ikishanyonya dawa ya shambani, unaivuta usiku kucha na inapita kwenye ngozi. Watoto ndio wanaumia zaidi. Vidonge vya kufukizia mahindi ndiyo usithubutu kabisa: gesi yake inaua watu chumbani.

Njia salama ni kulivalisha godoro mfuko. Fanya hivi:

1. Mfuko ufunike godoro lote, juu, chini na pembeni, na uwe na zipu ya meno madogo. Shuka la lastiki halitoshi. Ukiukosa dukani, fundi cherehani wa Tarime mjini au Mugumu atakushonea kwa kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana. Chagua cheupe, uone madoa mapema.

2. Sugua mishono ya godoro kwa brashi, valisha, funga zipu, mwisho wake bandika selotepu. Usifungue mwaka mzima. Kunguni mkubwa anakaa miezi mingi bila damu, kwa hiyo waliomo waache wafe njaa humo humo.

3. Mfuko hauwagusi walioko kwenye kitanda na ukutani. Mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa za kitanda na chaga, rudia kila wiki, maana mayai yanaendelea kuanguliwa. Shuka loweka maji ya moto. Nyufa za ukuta ziba, na kitanda kisiguse ukuta.

4. Kama unalaza vibarua wakati wa mavuno, valisha na magodoro yao. Kunguni haruki, anasafiri kwenye mabegi na vitanda vya mtumba.

Wanaotumia mifuko ya PICS mnajua: tundu moja tu, dumuzi wanapata hewa na mahindi yameliwa. Mfuko wa godoro nao ni hivyo hivyo. Ukitoboka, bandika siku hiyo hiyo.

Lala salama, tukutane shambani.