Hana Hatia, Lakini Yumo Gerezani

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Uganda, huko Fort Portal, ilisikiliza ombi la mtu aliyekuwa gerezani bila kuwa na hatia. Alimuua mtoto wake mwenyewe akidhani anaua nyoka. Mahakama ilikwisha kuamua kwamba wakati ule akili yake haikuwa timamu, hivyo hana hatia. Hata hivyo alirudishwa gerezani angojee amri ya waziri. Miaka ikapita, amri haikuja. Sisi tuliozoea kungoja barua za ofisini twajua jinsi faili linavyoweza kulala, lakini faili hili lilikuwa na mtu ndani yake.

Jaji Batema alisema kwamba amri hiyo itolewe na mahakama, wala si waziri. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba nayo ilitengua vifungu vilivyowaweka watu wa namna hii gerezani bila kikomo. Mwaka 2018 ikapatikana Sheria mpya ya Afya ya Akili, badala ya ile iliyotoka enzi za mkoloni.

Tunafurahi. Lakini tujiulize: baada ya hukumu, nani hasa anamhudumia mgonjwa huyu usiku na mchana?

Wazee wanakumbuka kwamba wagonjwa wa akili wa Uganda walianza kutunzwa ndani ya gereza, kule Hoima, katika miaka ya 1920. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955. Gereza na hospitali vilitengana, lakini wagonjwa wengi walibaki upande wa gereza. Magereza ya nchi hiyo yana nafasi ya watu 20,000 hivi. Mwaka 2023 yalikuwa na zaidi ya 70,000, karibu nusu yao mahabusu ambao kesi zao hazijakwisha. Katika msongamano huo hata mzima hupoteza usingizi, sembuse mgonjwa.

Mwenzetu mmoja, askari wa magereza aliyestaafu, alitueleza habari ya kijana aliyekuwa akipewa dawa za kutuliza akili. Siku chache baadaye shingo yake ilikaza, mikono ikatetemeka, mate yakawa yanamtoka. Mzee wetu alidhani anajifanya ili akwepe kazi ya shamba. Akamfungia peke yake. Muuguzi alipopita, baada ya siku tatu, alimwambia kuwa hiyo ni kazi ya dawa yenyewe, na kwamba ipo dawa nyingine ya kuiondoa. Mzee huyo alitumikia jela miaka mingi. Alifundishwa gwaride, bunduki na kuhesabu wafungwa. Juu ya ugonjwa wa akili hakufundishwa hata siku moja. Alipotusimulia hayo alikuwa akitazama chini.

Hatumlaumu. Tunawalaumu waliompa funguo na kirungu wakamwachia kazi ya muuguzi.

Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa kwa jina la Nelson Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinasema wazi kwamba mtu aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili asiwekwe gerezani, apelekwe hospitali. Zinasema pia kwamba mfungwa apate matibabu sawa na raia aliye nje, na kwamba mgonjwa wa akili asifungiwe peke yake ikiwa hali yake itazidi kuwa mbaya. Na zinataka askari wafunzwe na walipwe mshahara wa kutosha. Jambo hili la mwisho husahauliwa upesi.

Askari wa magereza katika nchi nyingi hawana chama cha kuwasemea, ingawa Mkataba wa 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unaziachia serikali hiari juu ya majeshi na polisi tu. Basi tuseme sisi. Kila gereza kubwa liwe na muuguzi wa magonjwa ya akili katika zamu, na wa usiku asisahauliwe. Askari mpya afundishwe dalili za ugonjwa na za dawa kabla hajakabidhiwa funguo. Mfungwa akihamishwa, karatasi yake ya matibabu isafiri naye katika gari lilelile.

Wanachama walio wauguzi katika hospitali za wilaya, mnaowapokea wagonjwa hawa wakiwa na pingu, tuandikieni. Tungependa kujua wanapofika huwa wamekaa siku ngapi bila dawa.