Mwenzetu Aliyehamia Moso



Wengi wenu hapa kwenye viwanda mnamkumbuka mwenzetu mmoja aliyesimama mbele ya mashine miaka 14. Kiwanda kilipopunguza watu, jina lake lilikuwamo. Hakukaa Buyenzi kungojea kibarua cha siku. Alichukua malipo yake ya mwisho, akamchukua mkewe na watoto wanne, wakahamia Moso, upande wa pili wa nchi, karibu na mpaka wa Tanzania. Nilikwenda kuwatembelea. Nawaletea niliyoyaona, kwa sababu hakipiti kipindi kirefu bila mtu kuniuliza pale langoni: "Kaka, nami niende nikalime?"

Gari hupanda mlima mpaka Bugarama, ambako baridi hukufanya utafute koti. Hupita Muramvya na Gitega, kisha huelekea kusini mpaka Rutana. Toka hapo barabara huteremka Moso, joto hurudi, na mashamba ya miwa huonekana. Miwa hiyo ni ya SOSUMO, kampuni ya sukari iliyoundwa mwaka 1982 na kuanza kutoa sukari mwaka 1988, yenye kiwanda chake Gihofi. Wakataji miwa wa huko ni wafanyakazi kama sisi, nawasalimu.

Nilimkuta mwenzetu amekonda, lakini anacheka. Aliniambia kosa lake la kwanza lilikuwa kalenda. Walifika mwezi wa Novemba. Mvua ilikuwa imekwisha anza toka Septemba, na mahindi na maharage ya majirani yalikuwa yamekwisha ota. Msimu wa kwanza ulikuwa umewapita. Ikabidi wangoje Februari wapande msimu wa pili, na kuvuna Juni. Miezi yote hiyo walinunua chakula sokoni kama watu wa mjini. Fedha za mabati zikaliwa.

"Kiwandani mwezi una siku 30," aliniambia. "Huku mwezi mmoja una miezi mitano."

Kiangazi alipata kibarua cha kukata miwa, maana kiwanda cha sukari husaga wakati wa kiangazi, na muwa uliokatwa haungoji, utamu wake hupungua. Kwa mshahara huo alinunua mabati. Mkewe ndiye aliyeshika jembe. Mama huyu aliyezoea kuuza ndagala sokoni alijifunza kwa jirani zake namna ya kuchanganya maharage na mahindi katika shamba moja. Watoto nao walichekwa shuleni kwa Kirundi chao kilichojaa Kiswahili. Wenzao waliwaita "Waswahili". Sasa wanacheka pamoja.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Shamba lile alilinunua kwa neno la mdomo. Alihesabu fedha, wakanywa pombe ya ndizi, wakapeana mikono, basi. Hakuna karatasi. Baada ya mavuno ya kwanza akaja mtu toka Tanzania, ndugu wa yule muuzaji, akasema: "Hili ni shamba la baba yetu. Mimi sikuuza."

Ndugu wasomaji, tusimtukane mtu huyo. Wazazi wake walikimbia mwaka 1972. Wakimbizi walianza kurudi kwa wingi toka mwaka 2002, na wengi walikuta mtu mwingine analima mahali kilipozikwa kitovu chao. Yeye alikuwa na haki. Mwenzetu naye alikuwa amelipa jasho la miaka 14. Haki mbili zilikuwa zimesimama katika shamba moja.

Shauri lilipelekwa mbele ya bashingantahe wa kilima. Mwenzetu hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Kilichomsaidia ni mkewe. Mama alikuwa ameingia katika kikundi cha wanawake cha kuwekeana akiba, alikwenda kulima kwa waliougua, alikwenda misibani. Majirani wakasimama mmoja mmoja wakasema: tuliona fedha zikitolewa, tunawajua watu hawa. Wazee wakaamua: upande wenye nyumba ubaki kwa mwenzetu, upande wa mtoni urudi kwa yule ndugu. Wakapanda minyaa katikati kuwa mpaka. Safari hii mwenzetu alikwenda komini kuomba cheti cha ardhi, akataka jina la mkewe liandikwe pia. Kanuni ya ardhi ya mwaka 2011 ndiyo iliyoweka huduma hiyo ya vyeti katika komini.

Leo nusu ile ya shamba inawalisha. Haiwatajirishi. Nilipouliza kama anajuta, alitazama mikono yake, akasema: "Najuta kuja bila kuuliza. Kuja sijuti."

Basi, wewe unayeniuliza langoni, jibu langu ni hili. Usiondoke kiwandani bila cheti cha kazi. Ni haki yako kukidai. Tunza namba yako ya INSS na karatasi za mishahara, maana michango uliyokatwa ni yako hata ukiwa unashika jembe. Nenda kwanza peke yako, ukae, uulize shamba ni la nani na ndugu zake wako wapi. Hamisha watoto mwezi wa Agosti, kabla ya mvua na kabla ya shule. Usitoe hata faranga moja bila maandishi na mashahidi. Na ukifika, usijifungie ndani ya ua wako. Hapa mjini ulikuwa na chama nyuma yako. Kule pia jitafutie watu, maana siku ya shauri mtu asiyejulikana hana wa kumsemea.

Mwenzetu anawasalimu wote. Alinipa mfuko wa maharage ya shamba lake. Tuliyapika hapa hapa kwenye viwanda, tukala wote.

Umoja ni nguvu.