Kwenye Wimbi Hakuna Mafuta ya Kuvuta

Bruce Brown, mtengenezaji filamu wa California, alipomaliza The Endless Summer, wasambazaji walimkatalia. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wa bara hawatatoa hela zao kutazama vijana wawili wakizunguka dunia kutafuta mawimbi. Brown akaibeba filamu yake hadi Wichita, Kansas, mji ulio mbali na bahari kila upande, tena wakati wa baridi kali, na ukumbi ukajaa. Mwaka 1966 ikasambazwa Marekani nzima. Miaka mitano baadaye mtu huyohuyo akatoa On Any Sunday, filamu ya pikipiki: za mashindano ya uwanjani, za jangwani, za kukwea vilima vilivyokaribia kusimama wima. Kampuni ya mwigizaji Steve McQueen ilichangia fedha, na McQueen mwenyewe anaonekana humo akila vumbi pamoja na wenzake. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar.

Kwa haraka utasema Brown alihama fani. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akipanda mawimbi na kuendesha pikipiki, na kamera yake inatafuta kitu kilekile katika filamu zote mbili: mwili wa binadamu unapokabiliana na njia ambayo haijirudii. Wapenzi wa michezo hii miwili ni wengi kuliko tunavyodhani. Biarritz, kusini-magharibi mwa Ufaransa, tangu 2012 kuna tamasha la Wheels and Waves ambako pikipiki na mbao za mawimbi hukutana mahali pamoja. Kwa hiyo swali la kitaalamu ni hili: mtu anayetoka kwenye mchezo mmoja kwenda mwingine anakwenda na nini, na nini hana budi kukiacha nyuma?

Tuanze na miguu. Mwendesha pikipiki wa porini hakai kwenye siti njia inapoharibika. Anasimama juu ya vikanyagio, magoti na viwiko vimekunjwa, kifua kimeinamia mbele kidogo. Ukikaa, uzito wako umebebwa na siti, na kila shimo linalolirusha gurudumu la nyuma linakurusha na wewe. Ukisimama, uzito unapita miguuni, pikipiki inaachiwa icheze chini yako, na magoti yanakuwa shokapu ya pili. Mpanda mawimbi hana siti kabisa, lakini mkao wake ni ndugu wa huo: magoti laini, kichwa kimetulia, ubao unatikisika peke yake. Hata kona huanzia chini. Yeye hukandamiza visigino au vidole ili ukingo wa ubao ung'ate maji. Mwendeshaji, kwenye kona tambarare yenye utelezi, hukandamiza kikanyagio cha upande wa nje ili tairi lishike ardhi.

Macho nayo yana kanuni moja. Ukikodolea jiwe, utaligonga, kwa sababu mabega hufuata kichwa na mikono hufuata mabega. Anayejifunza mawimbi huinamia ncha ya ubao wake akaanguka palepale. Mwalimu humwambia atazame mbele, upande ambao wimbi bado halijavunjika. Mwalimu wa pikipiki anasema hivyohivyo kuhusu mwisho wa kona. Aliyeshika somo hili mahali pamoja hulipata bure pengine, na ndiyo maana wapanda mawimbi wazuri huwa hawakawii kuendesha vizuri kwenye mchanga.

Mikono ndiyo inayoleta matata. Mwendeshaji mgeni hubana usukani kwa nguvu zote, na baada ya muda mfupi misuli ya mkono chini ya kiwiko inavimba na kukaza hadi vidole vinashindwa kuvuta klachi vizuri. Dawa ni kuibana pikipiki kwa magoti na kuuacha usukani ushikwe kwa wepesi. Mpanda mawimbi, ambaye hajawahi kuwa na cha kushika, huielewa dawa hii mapema.

Sasa tuje kwenye nguvu, maana hapa ndipo njia zinapoachana. Mwenye pikipiki ana mafuta mkononi, na mkono huo wa kulia unamtoa kwenye makosa mengi. Gurudumu la mbele likianza kuzama mchangani, anavuta mafuta, uzito unarudi nyuma, mbele kunakuwa wepesi, anapita. Bodaboda wa vichochoro vya mchanga wa pwani yetu anajua hili bila kufundishwa na mtu: ukiachia mafuta katikati ya mchanga, umelala. Haraka huwa inaokoa.

Baharini hakuna cha kuvuta. Wimbi zuri lilizaliwa siku kadhaa zilizopita, kwenye dhoruba iliyo mbali kwa maelfu ya kilomita. Katika maji ya kina kirefu, kasi yake inategemea muda unaopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Zidisha sekunde hizo kwa 1.56, unapata mita kwa sekunde. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 14, kwa mfano, yanakwenda karibu kilomita 79 kwa saa, ingawa kundi zima pamoja na nguvu yake husafiri kwa nusu ya mwendo huo. Yakifika maji mafupi, mambo yanabadilika. Sakafu ya bahari inaanza kuyatawala, na kasi sasa inategemea kina peke yake. Penye mita 2 za maji, wimbi limeshapungua hadi kama kilomita 16 kwa saa. Linabanana na la nyuma yake, linaumuka, na urefu wake unapokaribia theluthi mbili au robo tatu ya kina cha maji, miguu yake inabaki nyuma na kichwa kinaanguka mbele. Hapo ndipo linapovunjika, na hapo ndipo mtu mwenye ubao anapotakiwa awepo, wala si mita tano kushoto.

Kwa mikono yake, mtu huyo anaweza kwenda kilomita 6 au 7 kwa saa akijitahidi sana. Hawezi kulifukuza wimbi. Anachofanya ni kujiweka mahali ambapo uso wa wimbi umekuwa mteremko mkali kiasi kwamba ubao unaserereka wenyewe kwa uzito wake. Ndiyo sababu watafiti waliowapima wapanda mawimbi wamekuta kwamba karibu nusu ya muda wao baharini huishia katika kupiga maji kwa mikono, sehemu kubwa ya uliobaki katika kukaa na kungoja, na chini ya asilimia 10 juu ya wimbi lenyewe. Linganisha na mashindano ya motokrosi ya dunia: dakika 30 na mizunguko miwili, moyo ukipiga karibu na kikomo chake tangu mlango wa kuanzia unapoanguka. Kijana aliyezoea raha ya namna hiyo akipelekwa baharini huona anapotezewa muda. Anapiga maji hovyo, anafukuza kila kinachopita, na saa moja baadaye mabega yamekufa kabla hajasimama hata mara moja.

Kwa mawimbi makubwa mno, hata kuwa mahali sahihi hakutoshi, kwa sababu yanakwenda kasi kupita uwezo wa mikono. Miaka ya 1990, Laird Hamilton na wenzake huko Maui, Hawaii, walitatua tatizo hilo kwa injini: mmoja anaendesha pikipiki ya majini, mwingine anavutwa kwa kamba, akishafikia kasi ya wimbi anaachia kamba na kubaki na ubao wake. Agosti 2000 Hamilton alivutwa hivyo kuingia kwenye wimbi la Teahupo'o, Tahiti, ambalo picha yake ilibadilisha mawazo ya watu kuhusu kinachowezekana. Ni pwani hiyohiyo iliyochezewa mashindano ya mawimbi ya Olimpiki ya 2024. Maji yake yanatoka kwenye kina kirefu na kupanda ghafla juu ya matumbawe, kwa hiyo wimbi halipati nafasi ya kupungua taratibu. Linakuja nene, na mdomo wake mzito unajirusha mbele.

Mwaka 2015 Mwaustralia Robbie Maddison alikwenda Tahiti na wazo la kutoachia injini kabisa. Aliingia baharini juu ya pikipiki ya motokrosi, KTM ya cc 250, na filamu fupi iliyoitwa Pipe Dream ikaonyesha akikata maji na kuserereka kwenye uso wa wimbi, mdomo wa wimbi ukimwangukia nyuma. Wengi walidhani ni picha za kompyuta. Ilikuwa fizikia ya kawaida iliyosukumwa hadi mwisho. Chini ya magurudumu kulifungwa vibao vya kutelezea, na tairi la nyuma lilikuwa na makasia ya kurusha maji nyuma. Chombo chochote bapa kikienda kasi ya kutosha juu ya maji, maji yanayosukumwa chini hukiinua. Kasi ikipungua, kinyanyuo hicho kinapotea na zaidi ya kilo 100 za chuma zinakwenda chini. Maddison hakuwa na ruhusa ya kupunguza mafuta hata kidogo. Teahupo'o ilimpiga na kumzamisha vibaya, na mara nyingine pikipiki yenyewe ikaenda sakafuni.

Ulikuwa ujasiri mkubwa, na uhandisi wake naupenda. Lakini kama muungano wa michezo miwili, haunishawishi. Mpanda mawimbi hubebwa na wimbi. Maddison alibebwa na injini mahali palipokuwa na wimbi. Ukimwondolea wimbi angeendelea kwenda, na ukimwondolea mafuta angezama, wimbi liwe zuri namna gani.

Muungano ulio na mantiki zaidi uko Baja California, rasi ya Mexico yenye urefu wa kama kilomita 1,200. Upande wa Pasifiki una ncha nyingi za ardhi zinazoingia baharini, na wimbi linalopinda kuizunguka ncha huvunjika kidogo kidogo, likimpa mtu safari ndefu. Barabara kuu ya lami inayoipita rasi nzima ilikamilika 1973. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi, mawe na mchanga, na hata leo ufuko mwingi mzuri uko mwisho wa njia mbovu. Aliyetaka mawimbi yale ilimbidi ajue kupita jangwani. Mwaka 1962 Dave Ekins na mwenzake Bill Robertson walitoka Tijuana hadi La Paz kwa pikipiki za Honda za cc 250, Ekins akitumia chini kidogo ya saa 40. Rekodi hiyo ilivunjwa Aprili 1967, na aliyeivunja ni Bruce Meyers, mpanda mawimbi na fundi wa boti aliyekuwa amechukua fiba, malighafi ya boti na ya mbao za mawimbi, akaunda bodi nyepesi ya gari la mchangani lililoitwa Meyers Manx. Yeye na Ted Mangels walitumia saa 34 na dakika 45. Kutokana na ubishi huo wa saa, mwaka uleule yalianza mashindano ambayo leo yanajulikana kama Baja 1000. Malcolm Smith, nyota wa On Any Sunday, aliyashinda kwa pikipiki na baadaye kwa magari.

Tatizo la kuyafuata mawimbi kwa pikipiki ni kuubeba ubao wenyewe. Kule Bali utaona pikipiki ndogo zenye vyuma viwili vya kushikilia ubao ubavuni, na mwendo wa mjini hauna shida. Barabarani penye upepo wa pembeni hesabu ni nyingine. Ubao mfupi wa mita 1.8 una eneo la karibu theluthi mbili ya mita ya mraba. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiupiga ubavu, unasukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 6. Upepo ukiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne, karibu kilo 24, tena unakuja kwa mikupuo. Lori linapokupita, ubao unavutwa na kuachiwa ghafla. Waangalifu hupunguza mwendo, au hukodi ubao wakifika na kuiacha pikipiki iwe pikipiki.

Pwani ya Kenya na Tanzania sehemu kubwa imezungukwa na mwamba wa matumbawe, unaoyavunja mawimbi mbali na ufuko. Hiyo ndiyo sababu ndani yake maji ni tulivu hata wakati wa kusi. Basi msomaji wetu atapata mchanga kwa urahisi kuliko wimbi. Maji yakipwa, mchanga mbichi unakuwa mgumu na unavutia kupitisha tairi. Juu ya alama ya maji kujaa, hata hivyo, ndiko kasa wanakofukia mayai, na tairi hushindilia mchanga ambao vitoto vinapaswa kuuchimba ili vitoke. Hapo pikipiki haina kazi.

Na kwa mwenye kupitisha pikipiki karibu na bahari, mchanga uwe mkavu au mbichi: punguza upepo wa tairi kwa ajili ya mchanga, ili tairi litanuke na lielee badala ya kuchimba, kisha ujaze tena ukirudi kwenye lami. Chumvi usiiachie ilale usiku mmoja. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na bolti ya chuma iliyofungwa kwenye aluminiamu inageuza kiungo hicho kuwa betri ndogo inayoila aluminiamu taratibu. Osha kwa maji baridi mengi yasiyo ya presha, kwa sababu presha inaisukuma chumvi ndani ya beringi. Kausha, paka cheni mafuta, fungua viungio vya nyaya uvipulize. Kesho yake nyanyua gurudumu la mbele ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza, beringi imeshaingia mchanga na kuioshea nje hakutasaidia.