Bili ya Maji na Jicho la Jirani

Bili hutuambia tunadaiwa kiasi gani, haituambii kama tumezidi. Mwaka 2007, katika Kaunti ya Cobb, jimbo la Georgia, Marekani, kaya zaidi ya 100,000 zilihusishwa kwenye jaribio la barua. Waliopewa ushauri mtupu wa kubana maji karibu hawakubadilika. Walioonyeshwa pia matumizi yao kando ya wastani wa majirani walipunguza kwa karibu asilimia 5, na watumiaji wakubwa ndio waliopunguza zaidi. Wapo watakaosema dawa ni bei. Sawa, ila bei humuumiza kwanza mwenye kipato kidogo. Udhaifu wa barua ni mwingine: nguvu yake hufifia miezi inavyopita. Na kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam, wapangaji wanapochangia mita moja, ulinganisho huo haumgusi yeyote. Hapo kwanza zifungwe mita ndogo, chumba kwa chumba.